Chumba cha Jua: Tupange Kabla ya Kuita Fundi

Ifikapo mwezi Juni, sisi tunaoishi nyanda za juu hatuhitaji kuambiwa kwamba kipupwe kimefika. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Mbeya karibu 1,700, na Limuru huko Kenya ni zaidi ya 2,000. Asubuhi ukungu hutanda, nguo hukaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka, bibi hujikunyata jikoni, na mtoto mchanga hufunikwa mablanketi hadi pua tu ndiyo inayoonekana. Nje, ikifika saa nne au saa tano, jua hutoka na kuwaka vizuri, lakini upepo ni mkali na mtu hawezi kukaa. Ndani hakuna upepo, lakini ni baridi kama kisimani.

Ndiyo maana familia nyingi zimeanza kufikiria kuongeza chumba kimoja mbele au ubavuni mwa nyumba, chenye madirisha makubwa ya vioo, ili jua liingie na upepo ubaki nje. Wengine hukiita baraza la vioo, wengine chumba cha jua. Ni jambo jema. Lakini vyumba vingi vya namna hii huishia kuwa stoo ya magunia na baiskeli mbovu, au huwa tanuri mwezi wa Oktoba na barafu mwezi wa Julai, au huvuja kila mvua inyeshapo. Sababu kubwa ni moja: fundi aliitwa kabla baba na mama hawajakaa chini kupanga. Katika makala hii tuangalie pamoja mambo yanayotakiwa kufikiriwa mapema, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

Kwanza tujiulize: ni cha nani?

Swali la kwanza linahusu watu watakaokaa humo. Je, ni bibi ambaye miguu humuuma wakati wa baridi? Ni watoto wanaohitaji mahali penye mwanga pa kufanyia kazi za shule? Ni mama anayetaka kuweka cherehani yake na kushona huku akimwangalia mtoto? Au tunataka mahali pa kupokelea wageni?

Kila jibu hubadilisha ramani. Bibi anahitaji mlango mpana usio na kizingiti kirefu, na njia fupi ya kwenda msalani. Cherehani inahitaji mwanga utokao ubavuni mwa mshonaji, kusudi mkono wake usitie kivuli kwenye kazi. Watoto wa shule wanahitaji meza. Tukisema kwamba chumba ni cha kila mtu na cha kila kazi, mara nyingi hakiwi cha mtu yeyote.

Yafaa basi baba na mama wakae jioni moja, watoto wakiwa wamelala, waandike kwenye karatasi kazi mbili tu ambazo chumba hiki kitafanya. Na kama mama mkwe au mzazi mwingine anaishi nasi, aulizwe. Mara nyingi tunawapangia wazee wetu mambo mazuri bila kuwasikiliza, kisha tunashangaa kuona wamerudi kukaa jikoni.

Jambo lililo zito kuliko starehe

Tusidhani kwamba chumba cha jua ni anasa tu. Wakati wa baridi familia nyingi huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikivutwa, huchukua katika damu nafasi ya oksijeni, na mtu husikia kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Hata mkaa ulioshika majivu, unaoonekana kama umekwisha, bado hutoa gesi hiyo.

Chumba kinachopashwa joto na jua mchana kutwa hupunguza haja ya jiko hilo. Lakini hapa tuelewane vizuri sana: chumba cha vioo kilichozibwa barabara ni mahali pa hatari zaidi kuingiza jiko la mkaa, kwa sababu hewa haipiti. Kama tunajenga chumba hiki ili tuwalinde watoto na wazee, iwe kanuni ya nyumba kwamba jiko la mkaa halivuki mlango wake, hata usiku mmoja.

Jambo la pili la afya ni hili. Akina mama wengi huwaanika watoto wachanga juani ili mifupa yao iwe imara na wasipate matege. Ni desturi nzuri, ila kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale ile inayouwezesha mwili kutengeneza vitamini D. Mtoto aliyekaa nyuma ya kioo hupata joto, lakini hiyo faida ya mifupa hakuipata. Kwa hiyo bado atolewe nje kidogo, upepo unapotulia.

Jua linatoka wapi hasa?

Hapa ndipo chumba kinapofaulu au kushindwa. Wengi wetu tunajua kwamba jua huchomoza mashariki na kutua magharibi, tukaishia hapo. Lakini jua pia huhama kati ya kaskazini na kusini kwa kadiri miezi inavyopita. Mwezi wa Juni liko juu ya Tropiki ya Kansa, kaskazini ya mbali. Kwa hiyo sisi tulio kusini ya ikweta tukisimama nje saa sita mchana mwezi huo, tunaliona upande wa kaskazini. Mahali kama Njombe, jua la saa sita hukaa upande wa kaskazini tangu mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba. Desemba huwa limehamia kusini, karibu na utosi.

Maana yake ni kwamba chumba kinachohitaji jua la kipupwe kiwe na vioo vyake upande wa kaskazini na wa mashariki. Vioo vya mashariki hupokea jua la asubuhi, wakati nyumba ina baridi kuliko saa zote. Vioo vya kaskazini hupokea jua la mchana wa Juni na Julai, kisha Desemba havipigwi na jua la saa sita. Upande wa kusini, katika miezi ya baridi, kioo hakileti joto, bali hulipoteza. Magharibi tuwe waangalifu, maana jua la alasiri la Oktoba ni kali na huingia likiwa chini, likichoma kila kitu.

Tusitegemee maneno matupu. Katika mwezi wa Juni, chomeka vijiti pale unapotaka kujenga. Tazama saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri kivuli cha nyumba, cha mparachichi au cha ukuta wa jirani kinaangukia wapi. Fanya hivyo siku kadhaa na uandike. Kazi hii haina gharama, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya kwa furaha.

Kama kwako ukungu hauondoki hadi saa tano, utajua kwamba vioo vya mashariki havitakufaa sana, na fedha ziende kwenye vioo vya kaskazini.

Upenu, sakafu na hewa

Mafundi wetu hupenda kuacha upenu mrefu, na kwa ajili ya mvua wana haki. Lakini tupime. Saa sita mchana mwezi wa Juni, upenu wa sentimita 60 upande wa kaskazini hutia kivuli kinachoshuka karibu mita moja ukutani. Kama dirisha lina urefu wa mita moja na robo na limeanzia chini tu ya upenu, sehemu kubwa yake itakuwa kivulini mchana, na kazi yote itakuwa bure. Upenu wa sentimita 30 hutia kivuli cha nusu mita hivi. Mweleze fundi jambo hili mapema, kabla hajakata mbao.

Paa lenyewe lisiwe la kioo wala la bati la plastiki linalopitisha mwanga. Miezi ambayo jua liko utosini, paa la namna hiyo hukigeuza chumba kuwa tanuri, na mvua ya mawe hulivunja. Joto la Juni litaingia kwa madirishani, na hilo latosha. Bati la kawaida lenye dari chini yake ndilo lifaalo, kwani dari huzuia joto lisitoroke jioni.

Sakafu nayo ina kazi yake. Sakafu ya saruji yenye rangi nyekundu au nyeusi, ile tunayoifahamu na kuipiga nta, hunywa joto la jua mchana na kulitoa polepole jioni. Ukiifunika yote kwa zulia zito, joto hilo halihifadhiwi. Weka mkeka mdogo pale miguu inapokaa, na sehemu inayopigwa na jua uiache wazi.

Kisha hewa. Madirisha yanayofunguka yawe pande mbili zinazoelekeana, kusudi siku za joto upepo upite. Tukumbuke kwamba dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu. Kati ya chumba kipya na nyumba pawe na mlango wa kufunga. Mchana unafunguliwa ili joto liingie sebuleni, na jua likitua unafungwa, maana usiku vioo hupoteza joto upesi. Mapazia mazito husaidia pia.

Tusiinyang'anye nyumba ya zamani mwanga wake

Chumba kipya hakisimami peke yake. Kinaegemea nyumba iliyopo, na mara nyingi hufunika dirisha la sebule au la chumba cha kulala. Chumba kilichokuwa na dirisha la nje sasa kinatazama ndani ya chumba kingine. Kitakuwa na giza na hewa nzito. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mahali, hesabu madirisha yatakayofunikwa. Chumba cha kulala kibaki na angalau dirisha moja linalofungukia nje, na moshi wa jikoni usiwe na njia ya kuingia katika chumba kipya.

Tatizo jingine ni paa. Familia nyingi hutaka kuendeleza paa la zamani lishuke hadi kufunika chumba kipya. Tuchukue mfano. Paa lenye mteremko wa nyuzi 15 hushuka sentimita 27 hivi kwa kila mita moja. Chumba kikiwa na upana wa mita 3, paa litakuwa limeshuka sentimita 80. Kama ukingo wa paa la zamani uko mita 2.6 kutoka chini, ukingo wa paa jipya utakuwa mita 1.8. Baba mrefu atagonga kichwa, na dirisha refu halitakuwa na nafasi. Basi ama chumba kiwe chembamba, ama paa jipya lishikizwe juu zaidi, ama sakafu ishushwe kidogo kama uwanja una mteremko. Mambo haya ni rahisi kusahihisha kwenye karatasi, na ni ghali sana kusahihisha baada ya kenchi kusimama.

Mahali paa jipya linapokutana na ukuta wa zamani ndipo panapovuja. Patiwe bati la kukinga, lililoingizwa ndani ya ukuta na kushuka juu ya bati la paa. Na maji ya paa yapangiwe njia. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 12 huleta lita 120 za maji. Yakiachwa yadondoke kando ya msingi, yatauchimba. Yakipokelewa kwa mfereji na pipa, mama amepata maji ya kufulia.

Msingi nao uchimbwe hadi kwenye udongo mgumu kama ule wa nyumba kubwa. Sehemu mpya hutulia na kushuka kidogo baada ya kujengwa, huku ya zamani ilikwisha kutulia miaka mingi. Ndiyo sababu tunaona nyufa pale zinapoungana. Mwulize fundi ataunganishaje kuta hizo mbili. Asiyeweza kueleza, huenda pia hajui. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini afadhali zaidi ufa usitokee.

Tuhesabu gharama

Bei hubadilika kila mwezi na kila mji, lakini vipimo havibadiliki. Tufanye hesabu ya chumba cha mita 4 kwa mita 3, ambacho upande mmoja wa mita 4 ni ukuta wa nyumba iliyopo. Kuta tatu zilizobaki zina jumla ya mita 10. Chini ya madirisha tujenge ukuta wa sentimita 80, ambao pia huwazuia watoto wadogo wasigonge vioo. Hizo ni mita za mraba 8, tukiacha mlango. Tofali za saruji za inchi 18 kwa 9 huingia 9 au 10 katika mita moja ya mraba, kwa hiyo zitahitajika 80 hivi, mbali na zile za msingi na za nguzo. Jamvi la zege la sentimita 10 katika eneo la mita za mraba 12 ni zege la mita za ujazo 1.2. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, andaa mifuko 8 ya kilo 50. Tukiwa na hesabu hii mkononi, fundi akisema jamvi peke yake linataka mifuko 20, tutajua la kumwuliza.

Vioo ndivyo vinavyokula fedha. Vioo vidogo vidogo katika fremu ya mbao ni nafuu, na mpira wa mtoto ukivunja kimoja, unabadilisha hicho kimoja. Kioo kikubwa lazima kiwe kinene zaidi. Kwa upande wa mbao, tulio Nyanda za Juu Kusini tuna bahati ya kuwa karibu na misitu ya misindano ya Sao Hill, Mufindi. Hakikisha tu kwamba mbao zimekauka na zimetiwa dawa ya mchwa. Na usisahau gharama ya grili.

Si lazima kujenga yote mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza msingi, nguzo na paa, nasi tumepata baraza la kukaa. Mwaka wa pili kuta fupi na madirisha. Haba na haba hujaza kibaba. Ila mpango mzima uchorwe tangu mwanzo, ili nguzo zisimame pale madirisha yatakapokuja kuhitaji. Kusini mwa Tanzania mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba. Basi Juni tuchunguze jua, Julai tukubaliane na fundi, na kabla ya Novemba paa liwe limefunikwa. Zege na plasta vimwagiwe maji siku saba mfululizo, hata kama kuna baridi.

Fedha ya karo na fedha ya mbolea zisiguswe. Hakuna jua litakalompendeza mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Karatasi na makubaliano

Kwanza, kwenye maeneo ya miji kibali cha ujenzi kinahitajika hata kwa nyongeza. Nenda ofisi ya halmashauri ukiwa na mchoro, uulize pia umbali unaotakiwa kutoka mpaka wa jirani. Na jirani mwenyewe aambiwe mapema. Salamu moja jioni huokoa kesi ya miaka.

Pili, mkataba na fundi uandikwe, hata kama ni binamu. Kazi igawanywe katika hatua, na malipo yafuate hatua. Bakiza sehemu ya mwisho hadi mvua kubwa ya kwanza ipite bila paa kuvuja. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo kila stakabadhi itunzwe katika bahasha moja.

Tatu, na hili tuliseme kwa upendo. Wengi wetu huchangia ujenzi kwa fedha za vikoba, za maziwa au za ushonaji, bila kuandika popote. Tukiandika michango ya wote wawili, tunajenga uaminifu na kuzuia maneno siku ya taabu. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya wanandoa iuzwe au iwekwe rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 nayo huhesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango. Kwa hiyo tukitaka kukopa ili tujenge, tuamue wawili, tusaini wawili, na wote wawili tujue deni litalipwaje na lini.

Na walio pwani?

Mama msomaji wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam asiige ramani hii. Kwake chumba cha vioo ni adhabu. Anachohitaji ni kivuli na upepo: paa refu, upenu mpana, pande zilizo wazi au zenye nyavu za mbu, na mabenchi ya kukalia kama yale ya mawe yaliyo mbele ya nyumba za kale za Lamu na Unguja. Maswali ya mwanzo, hata hivyo, ni yale yale: ni cha nani, kinatazama wapi, kitafunika madirisha gani, na fedha zinatoka wapi.

Mungu akitujalia kufika Juni ijayo, tuanze na vijiti vile vya kupimia kivuli. Tuviache vikae wiki mbili, tuzungumze na baba watoto, tumsikilize bibi. Kisha ndipo tumwite fundi, tukiwa na karatasi mkononi.